Kuku Aliyekataa Kuoza

S.L.P. 41,
Willow Fork, Missouri.
Jumanne, 9 Aprili 2019.

Mpendwa Dada Verna,

Natumaini barua hii itakukuta kwenye kile kiti chako cha dirishani, mguu umeunyoosha kama daktari alivyokuagiza, wala si juu ya ngazi ukisafisha mifereji ya paa. Nyonga inaendeleaje? Umeanza kutembea bila fimbo? Na kile kikohozi cha majira ya baridi, kimekuachia? Tafadhali nijibu ukweli. Tangu tukiwa watoto wewe husema "mzima" hata ukiwa na homa ya kuchemsha birika.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Theluji imekwisha, yamebaki matope. Yule samaki wa moshi uliyetutumia alifika salama, na Leona alimla karibu mzima peke yake, amesimama, mlango wa jokofu uko wazi, vile vile alivyokuwa akifanya mama yake.

Nisamehe kwa kukawia kuandika. Kadi yako ya rambirambi nimeiweka ndani ya Biblia ya marehemu mke wangu Ruthanne, na kila Jumapili nikiifungua najiambia leo nitamjibu dada. Sikuweza. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita nilishtuka mshtuko ambao hadi sasa haujanitoka. Na katika mambo yenyewe kuna moja ambalo ni wewe tu unayeweza kutusaidia.

Kwanza nikueleze tunavyoishi. Tangu mwanangu Maribeth atutoke nimehamia kwao. Lyle, mkwe wangu, bado anaendesha treni za mizigo, siku nne njiani, siku tatu nyumbani. Wasichana, kama unavyojua, hawajawahi kwenda shule. Mama yao aliwafundisha hapa hapa kwenye meza ya jikoni tangu herufi ya kwanza. Leona sasa ana miaka kumi na mmoja, Tirza ana saba. Siku ile tuliporudi kutoka kwenye ibada ya kumuaga, Lyle alinishika mkono akasema, "Mzee, wamalize mwaka wao hapa. Wasipoteze na hili pia." Nikakubali. Mimi, Dada, niliyeacha masomo darasa la kumi nikapanda lori la maziwa, ndiye mwalimu.

Hesabu tunajikokota nazo, kwa kuwa kitabu kina majibu mwishoni, Mungu ambariki aliyeyaweka. Kilichonitoa jasho ni historia. Maribeth hakuwa na kitabu cha historia. Alikuwa na daftari la jalada la kijani, na ndani yake hakuna masimulizi, kuna orodha tu. Mimi nilifungua ukurasa ulionipendeza, nao umeandikwa: mayai sita, siki, rangi ya unga, ubao laini. Nikadhani ni mambo ya mapishi. Nikayakaanga mayai, nikawapa na mkate.

Leona alipouliza vifaa vya somo viko wapi, nikamwonyesha ukurasa. Akaweka mkono mdomoni.

"Babu! Hiyo ni rangi ya kuchorea watakatifu kwenye mbao! Kiini cha yai kinachanganywa na rangi. Babu, umekaanga Zama za Kati!"

"Zilikuwa tamu?"

"Zilipungua chumvi."

Na kwa mara ya kwanza tangu Januari nikamwona anacheka. Tirza hakucheka. Alikuwa akilisukuma yai lake kuelekea ukingo wa sahani. Nilipaswa kuliona hilo, sikuliona.

Kwa Maribeth historia ilikuwa kazi ya mikono. Walikanda udongo, walisaga ngano kwa jiwe, walichovya mishumaa, sakafu ya jikoni ina mabaka ambayo hayatoki. Na alikuwa na sharti moja. Mkiwa kwenye somo hairuhusiwi kusema "wao." Unasema "sisi." Haikuwa "Wamisri waliamini." Ilikuwa "sisi Wamisri tunaamini." Ukiteleza ukasema "wao," unaosha vyombo vya jioni. Aliniambia siku moja, "Baba, mtoto akisema wao anaanza kuwacheka. Akisema sisi anaanza kufikiri." Nilijivuna nilipolisikia. Nikasema moyoni, huyu ndiye mwanangu.

Sasa nikueleze habari ya kuku, usije ukaniona nimechanganyikiwa. Oktoba walikuwa Misri. Maribeth alileta kuku mzima aliyenyonyolewa, wakamwosha kwa siki, wakamjaza na kumfukia chumvi na magadi, na kila wiki walimtoa, wakampima kwenye mizani ya jikoni, wakaandika amepungua kiasi gani, kisha wakabadilisha chumvi. Siku arobaini. Mwishowe wakampaka mafuta, mdalasini na karafuu, wakamviringisha vitambaa vya shuka kuukuu, wakamweka kwenye kisanduku walichokipaka rangi ya dhahabu. Wakampa jina Farao Kukuhotepu wa Kwanza. Walimzika nyuma ya banda la kuni, na juu yake wakajenga piramidi ya mawe inayonifika gotini, pamoja na punje za mahindi za kula safarini.

Nilialikwa kwenye mazishi hayo. Lyle alijifunga shuka akawa kuhani. Maribeth alisimama kwenye jua la Novemba, ana rangi ya manjano kwenye nywele, anasoma maneno ya kumuaga mfalme huku anajizuia kucheka. Ndiyo picha yake ya mwisho niliyo nayo akiwa nje, amesimama kwa miguu yake. Baada ya hapo ni Krismasi, wote tumejifungia ndani na mafua, halafu ile asubuhi mshipa ulipopasuka kichwani.

Jumatano iliyopita, baada ya chakula cha mchana, nilitoka kuleta kuni. Nikaona mawe ya piramidi yametawanyika na shimo liko wazi. Nikajua ni mbweha. Nikarudi kupitia mlango wa nyuma, nikitafuta jinsi ya kumwambia Tirza kwamba Farao wake ameliwa.

Tirza alikuwa jikoni. Amepiga magoti juu ya kiti, mikono ya sweta ameikunja hadi kwenye viwiko. Kisanduku cha dhahabu kiko wazi. Vitambaa vimekunjwa vizuri pembeni, kimoja juu ya kingine, na katikati ya meza, juu ya ubao wa mama yake wa kukatia mkate, amelala Farao.

Dada, nimebeba maziwa miaka arobaini, Julai na Agosti. Naijua harufu ya kitu kilichooza. Nilibana pumzi kabla sijavuka kizingiti. Kisha ikabidi nipumue, na jikoni palinukia kama Krismasi. Yule kuku alikuwa mkavu, wa rangi ya kahawia, mgumu kama kiatu cha zamani, mabawa ameyakunja kifuani. Mzima kabisa.

"Hajaoza, Babu," Tirza akasema bila kugeuka.

"Naona, mjukuu wangu."

"Mguse."

Nikamgusa.

"Miezi minne na siku tisa. Nimehesabu kwenye kalenda. Mvua imemnyeshea, theluji imemwangukia, na yupo." Hapo akageuka akanitazama. "Sasa mama mlimchomea nini?"

Nilikuwa na kapu la kuni mkononi. Sikulidondosha wala sikuliweka chini. Nilisimama nalo tu.

"Chumvi ilikuwepo," akasema. "Magadi yalikuwepo. Mimi najua kufanya. Leona anajua. Hamkutuuliza."

Nimelirudia neno hilo kichwani usiku na mchana. Hamkutuuliza. Januari yote sisi watu wazima tulikuwa tukinong'ona kwenye ujia, tunawafungia mlango wasije wakasikia, kumbe upande wa pili wa mlango kuna mtoto wa miaka saba anasubiri kuitwa kazini. Alidhani tutamwita. Alijua kazi ile kuliko yeyote kati yetu.

Nikajaribu. "Tirza, mama yuko mbinguni. Mchungaji alisema, unakumbuka?"

"Najua yuko mbinguni." Alinitazama kama mtu anayetazama mwanafunzi mzito. "Lakini akirudi kutuangalia atashukia wapi? Mwili haupo. Roho ikirudi isikute mwili haijui nyumba ni ipi, inazungukazunguka tu. Sisi tunaamini hivyo."

"Sisi nani?"

"Sisi," akasema.

Hapo ndipo nilipopata kiti nikakaa.

Leona alikuwa amekuja mlangoni, penseli iko sikioni. Ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini. Kumbe kila nchi waliyoiingia kwa kusema "sisi" ilikuwa na siku ya kutoka. Siku hiyo wote wanaosha mikono kwenye beseni moja, na mama yao anauliza, "Hawa walikuwa nani?" nao wanajibu, "Walikuwa wao." Basi, wametoka, sasa wanaweza kuzungumza kuhusu nchi ile kama watu wa Missouri.

"Misri haikufungwa, Babu," Leona akasema. "Mama alisema tutaifunga baada ya Krismasi. Halafu wewe ukaja ukaruka kurasa."

Niliruka kurasa, Dada. Nilifungua pale paliponipendeza, nikakaanga mayai, na mtoto yule nilimwacha Misri peke yake miezi mitatu.

Tirza hakuwa na haja na maelezo hayo. Alikuwa na swali lake. "Nani aliamua achomwe?"

Ningeweza kusema "watu wazima." Ningeweza kumsingizia mtu wa mazishi. Nikasema, "Mimi."

Hili sijalisema kwa mtu, hata kwa Lyle sikulieleza vizuri, basi nikueleze wewe. Siku ile Lyle alikuwa amekwama na treni yake kwenye theluji ya Wyoming. Nilikuwa peke yangu mbele ya meza ya mtu wa mazishi, mtu mpole, akaniuliza kuzika au kuchoma. Nikampigia Lyle, simu inakatika, akasema, "Fanya unavyoona, mzee." Nikatazama dirishani. Ardhi ilikuwa ya kijivu, imeganda, ina barafu juu. Na nilichokiona mimi ni miguu yake. Unakumbuka Maribeth alivyokuwa hawezi kulala miguu ikiwa baridi? Ruthanne alikuwa akipasha tofali kwenye oveni, analifunga kwenye taulo, analiweka chini ya blanketi. Nikaiona ile ardhi, nikaiona ile miguu, nikasema, mchome. Baadaye nilijiambia kwamba majivu yanaweza kukusubiri wewe hadi upone nyonga. Hiyo pia ilikuwa kweli. Lakini ilikuja ya pili.

Nikamwambia Tirza. "Ardhi ilikuwa imeganda. Niliona atasikia baridi."

Akafikiri. "Maiti hasikii baridi, Babu."

"Najua."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua. Sikuweza tu."

Alimviringisha kuku upya, kitambaa baada ya kitambaa, wala hakutaka nimshikie ncha. Baada ya hapo hakusema nami siku tatu. Si kwa kununa. Alikula, aliosha meno, alifanya hesabu zake. Ila akitaka chumvi anamwambia Leona amwombe Babu chumvi, na mimi nimekaa hapo hapo, tunagusana viwiko.

Lyle alirudi Ijumaa. Nilimweleza yote pale kwenye ngazi za mlangoni, naye akakaa bila kuvua buti.

"Anasema alijua kufanya?"

"Anasema hivyo."

"Mungu wangu." Alijishika uso kwa mikono miwili. "Mungu wangu, mzee. Alikuwa anatusubiri." Kisha hasira zikamjia, unajua mtu akiwa na majonzi hasira huwa ziko karibu. "Basi imetosha. Agosti wanakwenda shule ya serikali, wote wawili. Mtoto anakaa mezani na maiti ya kuku!"

Leona alikuwa nyuma ya mlango wa wavu. "Baba, wewe ndiye ulikuwa kuhani! Ulijifunga shuka la maua!"

"Lilikuwa la mistari," Lyle akasema, akaanza kuvua buti.

Jumamosi nilijaribu kurekebisha makosa yangu. Nilileta beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni, nikawaambia wasichana, haya, leo tuifunge Misri. Leona akakunja mikono ya nguo. Tirza akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga kabati.

"Tukifunga, mama atabaki huko peke yake."

Ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia baada ya siku tatu. Nikayamwaga maji.

Nilibaki sijui la kufanya, Dada. Lyle hakujua. Nilimuuliza mchungaji Jumapili baada ya ibada, akanipa maneno mazuri, lakini yote Tirza alikuwa ameshayajibu. Kilichonitisha ni hiki: mtoto hakuwa akilia. Anayelia unambembeleza. Huyu alikuwa na hoja, na hoja yake inasema kwamba mama yake amepotea, na aliyempoteza ni babu yake.

Jumapili hiyo hiyo, kama saa tisa alasiri, nimekaa sebuleni, Tirza akaja na daftari la kijani na penseli mbili zilizochongwa. Akakaa mbele yangu kwenye kigoda.

"Nina maswali," akasema. "Mama alisema kama hujui, mtafute aliyekuwepo. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimwona kabla hawajamchoma?"

"Nilimwona."

"Alivaa nini?"

"Sweta yake ya buluu. Ile yenye kifungo kimoja cha kahawia na vingine vyeupe."

"Umejuaje ni hiyo?"

"Kile cha kahawia nilikishona mimi. Nilikosa cheupe."

Akaandika. Anaandika taratibu, ulimi nje, na anafuta sana. "Alivaa viatu?"

"Hapana. Soksi."

"Soksi gani?"

"Jozi mbili. Za sufu. Moja juu ya nyingine. Nilimwomba yule mtu amvalishe."

Penseli ikasimama. "Mbili?"

"Mbili."

Akaandika mbili. "Walipomchoma wewe ulikuwa wapi?"

"Nje, kwenye gari."

"Kutoka saa ngapi hadi saa ngapi?"

"Saa nne hadi saa saba."

"Injini ilikuwa inawaka?"

"Ilizimwa."

"Kwa nini? Kulikuwa na baridi."

"Sikufikiria kuiwasha."

"Ulikula?"

"Hapana, mjukuu wangu."

Aliuliza karibu saa nzima. Hakuna askari polisi wala hakimu angeniuliza vile. Lyle alikuja akasimama mlangoni, ana kikombe cha kahawa, na hakukinywa. Mengi alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Tirza alipomaliza akasafisha koo, kama walivyofundishwa, akasoma alichoandika. Nakunakilia hapa neno kwa neno, maana nililiomba daftari baadaye:

"Tarehe kumi na nne Januari tulimchoma mama yetu. Ardhi ilikuwa imeganda. Alivaa sweta ya buluu na soksi nne ukihesabu moja moja. Babu alikuwa nje ndani ya gari kwa muda wa saa tatu na hakula. Injini haikuwaka. Haya tumeyajua kwa Babu, alikuwepo."

Mimi sikusoma sana, nilihitaji muda kulisikia. Hakuandika "alimchoma." Hakuandika "walimchoma." Tulimchoma. Nilikwenda nikanawa uso kwenye sinki la jikoni, na niliporudi nikamkuta amekaa kwenye kiti changu, ikabidi nikae kwenye kigoda.

"Sasa nataka kumwona," akasema.

Lyle alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akakipandia kabatini na kukishusha kile kisanduku cha mbao chenye majivu, akakiweka kwenye meza ya jikoni. Tangu Januari hakuna aliyekifungua. Tirza akasogeza mizani.

"Kila kitu kinapimwa kwanza," akasema. "Halafu ndiyo kinaandikwa. Lakini bila kisanduku, maana kisanduku si mama."

Lyle akageukia dirisha. Basi nilikitoa kifuko mwenyewe, kwa mikono yangu, nikakiweka juu ya mizani. Sindano ikayumba, ikatulia. Leona akainama akasoma, Tirza akasoma, wakakubaliana, wakaandika.

Nami nilisoma. Dada Verna, nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Lyle alidhani ni moyo, akanishika kwapani, akasema, "Mzee, mzee, kaa chini." Si moyo. Ile namba ninaijua. Ndiyo namba ile ile, ratili na wakia zake, uliyonipigia kelele kutoka dirishani Februari ya mwaka themanini na moja, barabara zimefungwa na barafu, umeme umekatika, mkunga amekwama mtoni, na mimi niko zizini nakamua kwa mkono kwa sababu ng'ombe hawajui kama mtu anazaliwa. Ulifungua dirisha ukataja uzito wa Maribeth, ukasema ana sauti ya ndama.

Alivyoingia duniani ndivyo alivyokuwa amekaa pale mezani. Hakuna hata wakia moja ya tofauti. Sijui maana yake, labda haina maana. Nakwambia tu nilichokiona.

Namba ile niliiweka moyoni. Lakini Tirza alikuwa ameshafika huko kwa njia yake mwenyewe. "Kuku tulimpima mwanzo na mwisho," akasema. "Mama tuna mwisho tu. Alipozaliwa alikuwa na uzito gani, Babu?"

Nikafungua mdomo.

"Ulikuwepo?" akaniuliza.

"Nilikuwa zizini. Niliambiwa."

"Basi wewe si shahidi," akasema, lakini kwa upole, akanigusa goti. "Nani aliyekuwepo?"

Ni wewe, Dada. Ruthanne ametangulia, mkunga hakufika kwa wakati. Duniani amebaki mtu mmoja aliyeisoma mizani ile.

Basi hivi ndivyo tulivyokubaliana, na Lyle naye amekubali. Majivu hatuyamwagi mtoni kama tulivyokuwa tumepanga. Yatazikwa kando ya Ruthanne, Jumamosi ya tarehe 11 Mei, saa tano, mahali ambapo mtu akirudi atapakuta. Tirza ndiye aliyepachagua, na ametembea hatua kutoka lango la makaburi akaziandika. Misri tutaifunga siku hiyo, makaburini, nitabeba beseni kwenye gari. Ila ametoa sharti: mama asizikwe kabla shahidi wa mwanzo hajaandika. Mambo ya shule ya serikali Lyle hajayataja tena tangu Jumapili.

Ndiyo maana namba sikuiandika humu, na nakuomba usinipigie simu kuniuliza. Tirza anasema shahidi akishaambiwa ameharibika. Andika kile ulichokiona, kwa mkono wako, umtumie yeye kwa jina lake. Kama daktari ataruhusu usafiri, njoo nacho mwenyewe. Lyle atakupokea uwanja wa ndege, na chumba cha chini hakina ngazi.

Nisalimie Orville na umwambie nyavu zake nilizoahidi kushona ziko njiani, kweli safari hii. Salamu kwa Delphine na mtoto mchanga, na kwa yule jirani yako Bi Ingeborg anayekuletea supu. Leona anakusalimu na anashukuru kwa samaki. Lyle pia anakusalimu. Mungu aikaze mifupa yako na akupe majira mepesi ya kuchipua.

Karatasi ya maswali ya Tirza nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ni manne. La kwanza, ulikuwepo? La pili, mama alikuwa na uzito gani? La tatu, umejuaje? La nne ameliandika mwenyewe asubuhi ya leo, na nilipolisoma niliduwaa, kwa sababu ni mwanangu, na miaka thelathini na minane sikuwahi kuliuliza: mlipomtoa kwenye mizani, mlimfunika na nini?

Hilo hata mimi nalisubiri.

Mdogo wako akupendaye bila kupungua,

Harlan